Kitabu Kizuri cha Watu Wabaya

(Haya ni maneno niliyoyasema katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa. Mhariri ameniomba niyaandike kama nilivyoyasema.)



Nilipoletewa barua ya kuombwa nizungumze leo, niliambiwa nichague jambo lolote litakalowafaa vijana, mradi lisiwe siasa wala lisiwe refu. Kwa kuwa mwaka huu chama chetu kimekusanya vitabu vya maktaba, nimeona nizungumze juu ya vitabu. Na kwa kuwa mtu huzungumza vyema juu ya kilichomuuma, nimechagua kitabu kimoja nilichokichukia nikiwa hapa hapa shuleni. Swali langu ni hili: kuna faida gani kusoma riwaya iliyoandikwa vizuri, ikiwa ndani yake hamna hata mtu mmoja wa kumpenda?

Mwaka ulikuwa 1998, nami nilikuwa Kidato cha Tano. Wa rika langu mtakumbuka kwamba jenereta ilizimwa saa nne usiku, na baada ya hapo aliyetaka kusoma alitafuta kandili, au alimbembeleza mlinzi akae karibu na taa yake. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi moja: akimsikia mwanafunzi anajisifu, humwazima kitabu. Siku hiyo nilikuwa najisifu mbele ya darasa kwamba nimevimaliza vitabu vyote vya Shaaban Robert vilivyokuwamo maktabani. Mwalimu hakusema neno. Jioni aliniita nyumbani kwake, akanipa nakala ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ambayo jalada lake lilikuwa limebanduka likashonwa kwa uzi.

"Soma," akaniambia, "kisha uje unieleze umempenda nani."

Nilikisoma kwa siku nne. Siku ya tano nilikirudisha nikiwa nimenuna. Nikamwambia, "Mwalimu, sikumpenda hata mmoja." Akacheka, akaniuliza, "Basi umemchukia nani zaidi?" Nikajibu papo hapo, "Manase." Akauliza tena, "Kwa nini Manase, na si Kazimoto?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Ukilipata, uje tuzungumze." Ndugu zangu, jibu lile nililipata baada ya miaka 18, na nilipolipata mwalimu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ndiyo maana nimekuja kulitoa leo mbele yenu, kwa kuchelewa, kama mwanafunzi anayeleta zoezi wakati madaftari yamekwisha kusahihishwa.

Kwa vijana ambao hamjakisoma, nieleze kidogo. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Alisoma na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda kufundisha Botswana, na alifariki Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Kichwamaji ilifuata mwaka 1974. Anayetusimulia hadithi hiyo ni Kazimoto mwenyewe, kijana wa Chuo Kikuu. Mwanzoni tunamkuta amekaa anangoja kumwona Mkuu wa Wilaya, akitafuta kazi ya wakati wa likizo. Na huyo Mkuu wa Wilaya si mgeni kwake. Ni Manase, mtu waliyekua naye. Tena baadaye tunajua kwamba Manase ndiye aliyemharibu Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto anaweka nia ya kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, msichana ambaye hakumkosea kitu. Mambo yanageuka, anamwoa. Lakini hadithi haiishii kwenye harusi. Inaishia pabaya sana, Kazimoto akiyakatisha maisha yake kwa mkono wake mwenyewe.

Mnaona basi. Manase ana cheo na hana haya. Kazimoto ana elimu na hana upendo. Anawaona watu wa kijijini kwao kama wajinga. Wazazi wake wanamngoja mtoto wao arudi kutoka masomoni, na anayerudi si yule waliyempeleka. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilijiuliza, mwandishi huyu alinipotezea siku nne ili iwe nini?

Hasira yangu ilikuwa na sababu. Sisi tumelelewa na hadithi ambazo humwonyesha msikilizaji mtu wa kumpenda tangu neno la kwanza. Hata Sungura, ambaye ukimtazama vizuri ni mwizi na mwongo, tunampenda kwa kuwa ni mdogo na anawashinda wakubwa. Kisha tukaingia shuleni tukampata Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, mwema anaitwa Adili, na ndugu zake wabaya wanaitwa Hasidi na Mwivu. Jina la mtu ndilo hukumu yake. Msomaji hawezi kupotea njia, maana kila njia panda ina kibao. Sisemi hivyo kwa kuvidharau vitabu vile. La hasha. Vilinifunza Kiswahili na vilinifunza adabu, na bado ninavisoma. Lakini kuna jambo ambalo haviwezi kulifanya: haviwezi kumfanya msomaji atembee na Hasidi huku akidhani anatembea na Adili.

Kezilahabi analiweza jambo hilo, na hapo ndipo ninaposema kitabu chake kimeandikwa vizuri. Simaanishi maneno matamu. Kiswahili chake ni chepesi, sentensi zake fupi, hakuna mahali anapotafuta kushangiliwa. Uhodari wake ni kwamba hatuachii mtu mwingine wa kushikamana naye. Tuna macho ya Kazimoto tu. Kazimoto akichoka kungoja nje ya ofisi, nasi tunachoka. Nani kati yetu asiyejua kungoja? Akimdharau mwenye ofisi, tunamdharau pamoja naye, na kwa kweli tunaona raha. Kisha anawadharau na watu wengine ambao hawakumkosea, nasi kwa kuwa tumeshazoea kuitikia, tunaitikia tena. Mpaka anapofikiria kumtendea dada wa mtu kama alivyotendewa dada yake, tumeshakwenda naye mbali. Kumwacha hapo na kurudi peke yetu tukisema "mimi simo" ni jambo la aibu, maana tulikuwa naye njia nzima.

Haya ninayasema sasa. Mwaka 1998 sikuyaona. Nilimchukia Manase, nikafunga kitabu, nikafaulu mtihani, nikaenda Chuo Kikuu, nikaajiriwa serikalini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya nisilale vizuri juma zima nikifikiri kama nilisema au nisiliseme.

Mwaka 2016 nilikuwa ofisa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, tukishughulikia majalada ya mirathi ya watumishi waliofariki. Wanaofanya kazi hizo wanajua. Anayekuja huwa amebeba bahasha ya kaki: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya mtendaji wa kijiji, picha ndogo mbili. Pasipokosekana hiki, hukosekana kile. Asubuhi moja karani wa mapokezi aliniletea kikaratasi chenye jina la mtu anayetaka kuniona. Nililisoma. Lilikuwa jina la mtu niliyelala naye bweni moja kwa miaka miwili, kitanda cha juu na cha chini. Mtu aliyenigawia sabuni yake muhula mzima nilipokuwa sina.

Nilikiweka kikaratasi kile chini ya kikombe cha chai.

Ndugu zangu, sikuwa na ugomvi naye. Nilijiambia kwamba nitamwona nikipata nafasi ya kutosha, maana rafiki wa zamani haonwi kwa haraka. Nilijiambia kwamba nikimwona kabla ya wengine, watasema napendelea. Nilijiambia mambo mengi, na kila moja lilikuwa na sura ya ukweli. Lakini lile la chini kabisa, ambalo sikujiambia, ni kwamba alikuwa amekuja na viatu vya mpira na begi la kijijini, na nilikuwa na wageni kutoka makao makuu. Saa saba nilitoka kwa mlango wa nyuma kwenda mkutanoni. Kesho yake alikuja tena, akakaa kwenye benchi lile lile. Kesho yake nilisikia sauti yake akimsalimu karani, nami nikashika simu, nikazungumza na mtu ambaye sikuwa na haja naye. Siku ya nne hakuja. Jalada la marehemu baba yake, lililokuwa linangoja sahihi yangu tu, lilikaa miezi saba zaidi, na katika miezi hiyo mama yake aliuza ng'ombe wawili ili mdogo wao asifukuzwe shule.

Hayo ya ng'ombe niliyajua baadaye. Nilikwenda kwao mwishoni mwa mwaka ule, kwa sababu nitakayoieleza, nikamwomba radhi. Hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu: "Ulijua ni mimi?"

Nikasema, "Nilijua."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi. Mimi nilikuwa namwambia mama kwamba hukujua."

Ndugu yetu huyo yumo humu ukumbini leo. Amenipa ruhusa niyaseme haya kwa sharti kwamba nisimtaje, nami namshukuru mbele yenu wote.

Sasa, kitu gani kilinipeleka kwao? Nisingependa kuwadanganya nikasema ni uungwana. Ni kitabu. Miezi kadhaa baada ya mambo yale, binti yangu alileta nyumbani nakala ya Kichwamaji aliyoazimwa na mwenzake, akaiacha mezani. Nikaifungua ili nimwonyeshe kwamba baba yake naye alipata kukisoma. Nikakutana na kijana amekaa nje ya ofisi, anangoja, na mwenye ofisi ni mtu waliyekua pamoja.

Nilikisoma usiku kucha, na alfajiri nilikuwa na jibu la mwalimu wangu. Nalo ni hili. Mwaka 1998 nilimchukia Manase kwa sababu alikuwa upande wa pili wa mlango, mbali nami. Kazimoto sikumchukia, ingawa makosa yake yalikuwa wazi kama mchana, kwa sababu nilikuwa nimo ndani yake, na kutoka ndani kila mtu huonekana kuwa amedhulumiwa. Kazimoto anapopanga kumtenda Sabina ubaya, yeye hajioni kuwa mbaya. Anajiona bado yuko nje ya ile ofisi, anangojeshwa.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Siku ile nilipotoka kwa mlango wa nyuma sikujiona kuwa bwana mkubwa. Nilijiona mnyonge: kazi nyingi, mshahara mdogo, mkubwa wangu ananisumbua, hakuna anayenihurumia. Nilikuwa nimekalia kiti cha Manase huku moyoni nadhani ningali nimekaa na Kazimoto. Wazee walisema nyani haoni kundule, nasi husema methali hiyo tukimwonyeshea mwenzetu kidole. Kitabu hiki hakikunionyeshea kidole. Kilinikalisha mahali ambapo niliweza kujigeuza na kutazama.

Najua baadhi ya wazazi na walimu hawatakubaliana nami. Watasema vijana wana mabaya ya kutosha mitaani, na siku hizi na katika simu. Ya nini kuwapa mengine kitabuni? Hoja hiyo si ya kudharauliwa, wala si mpya. Rosa Mistika ilipata kupigwa marufuku shuleni kwa sababu hiyo hiyo, na baadaye ikaruhusiwa, ikasomwa na maelfu ya wanafunzi. Waliosoma hawakuambiwa humo kwamba upotovu ni mtamu. Walionyeshwa baba mkali, mlevi, aliyemfungia binti yake asijue dunia, kisha dunia ikamfunza kwa ukatili. Nadhani wengi waliokasirikia kitabu kile walimkasirikia Rosa. Zakaria, yule baba, walimpita wakidhani hawawahusu.

Lakini na mimi nikiri upande wangu. Si kila kitabu cha watu wabaya ni kizuri. Viko vingi ambavyo ni uchafu mtupu, na mtu asijifiche nyuma ya jina la fasihi. Basi tutavitenganishaje? Mimi hutumia vipimo vitatu, ambavyo si vya kitaalamu, ni vya mtu wa ofisini tu.

Kwanza, natazama kama mwandishi anamjua mtu wake. Katika kitabu kibaya, mtu mwovu hutenda uovu kwa kuwa hadithi inahitaji uovu. Katika kitabu kizuri, kila anapotenda tunajua alichojiambia kabla ya kutenda. Na alichojiambia kinafanana mno na tunachojiambia sisi.

Pili, natazama kama uovu una gharama. Sisemi adhabu, maana hata duniani si kila mwovu huadhibiwa. Nasema gharama: kuna mtu fulani analipia, na mwandishi hatufichi uso wake. Katika Kichwamaji, Rukia analipia jambo ambalo wanaume wawili waliligeuza kuwa vita vyao.

Tatu, natazama ninavyojisikia nikifunga kitabu. Nikijiona bora kuliko watu wote waliomo, ama kitabu ni kibovu, ama mimi sijakisoma. Nikifunga huku nimenyamaza, nahisi kuna mtu nimemkosea na sijui ni nani, hapo najua kimefanya kazi yake.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa, nami nakaribia mwisho. Nisiwaache vijana na dhana kwamba riwaya humgeuza mtu kuwa malaika. Nilikisoma kitabu hiki nikiwa na miaka 19 na hakikunizuia kuweka jina la rafiki yangu chini ya kikombe. Kitabu hakimshiki mtu mkono. Kinachoweza kufanya ni kumngoja. Kile kiliningoja miaka 18, kikiwa na maneno yale yale, mpaka nilipokuwa nimeshafanya jambo la kunipa macho ya kukisomea. Ndiyo maana nawaambia msivichome wala msivitupe vitabu vilivyowaudhi, ikiwa mnaona vimeandikwa kwa ukweli. Viwekeni rafuni. Iko siku mtavihitaji.

Na kwa kuwa mmeniomba nizungumze kama mtumishi wa umma, niwape na la ofisini. Tangu mwaka ule nina desturi moja ndogo. Kila siku saa nane mchana, kabla sijatia sahihi jambo lolote la alasiri, natoka kwa mlango wa mbele, napita kwenye benchi la wageni, nauliza kila mmoja jina lake na alichofuata. Si wote ninaoweza kuwasaidia. Wengine nawaambia pale pale kwamba karatasi zao hazijatimia, nao huondoka wamekasirika. Lakini hakuna anayeondoka bila kuonwa. Zipo siku navunja desturi hiyo, na siku hizo nalijua jina langu.

Vijana, mtakapoondoka hapa, baadhi yenu mtakaa kwenye mabenchi, na baadhi mtakaa nyuma ya milango. Wengi wenu mtakaa kote kuwili, kwa nyakati mbalimbali, na hatari ni kwamba mkifika nyuma ya mlango hamtajua kwamba mmefika. Basi nawaachia swali la mwalimu wetu, kwa kuwa sasa mimi nimelijibu na halinifai tena. Mkisoma kitabu cha watu wasiopendeka, msiishie kuuliza umempenda nani. Ulizeni: nimemchukia nani zaidi, na kwa nini si yule mwingine?

Katika vitabu tunavyovikabidhi leo kwa Mkuu wa Shule, nimeweka nakala mbili za Kichwamaji. Moja nimeinunua mimi. Nyingine imenunuliwa na yule ndugu yetu. Nilipomwuliza kama amekwisha kuisoma, alisema ameisoma, na kwamba hakumpenda hata mmoja.